Mafunjo na Ndago za Kienyeji: Jinsi ya Kuotesha Mimea ya Kinamasi Nyumbani kwa Maji Yaliyotumika

Wakazi wa Leparua, katika wadi ya Burat, wanaishi mahali ambapo mtungi wa lita 20 una thamani yake. Kumwambia mkazi wa sehemu kama hiyo apande mmea wa kinamasi karibu na nyumba kunaweza kusikika kama mzaha. Hata hivyo, kila boma lina maji yanayomwagwa kila siku: ya kuoga, ya kufulia, ya kuosha vyombo. Kwenye kioski cha maji na kwenye birika la mifugo kuna maji yanayomwagika na kuacha tope. Maji hayo yakielekezwa vizuri yanaweza kutunza mimea ambayo vinamasi na chemchemi nyingi za kaunti zinaendelea kuipoteza, na yakasaidia pia mti wa matunda au wa kivuli nyuma ya nyumba.

Makala haya yanaeleza mimea hiyo ni ipi, kwa nini inatoweka, jinsi ya kuiotesha bila kutumia maji ya kunywa, na mambo ya kuepuka ili bustani ndogo isije ikaleta mbu, tembo au ugomvi na jirani.

MIMEA INAYOZUNGUMZIWA

Watu wengi huita kila jani refu la majini "matete" au "nyasi". Lakini kuna jamii kubwa ya mimea inayofanana na nyasi ambayo si nyasi. Hiyo ni jamii ya ndago na mafunjo. Njia rahisi ya kuitambua ni kukata shina na kulitazama. Shina la nyasi huwa la mviringo, mara nyingi lina uwazi ndani na vifundo kama vya muwa. Shina la mimea mingi ya jamii ya ndago lina pembe tatu, limejaa nyama nyeupe ndani, na halina vifundo. Ukilizungusha kati ya vidole unazisikia pembe zake.

Kwa boma la kaunti hii, aina tatu zinafaa kuangaliwa.

Ya kwanza ni mafunjo yenyewe, Cyperus papyrus. Ndiyo mimea mirefu yenye kichwa kama ufagio wa nyuzi za kijani, na hufika mita 4 hadi 5 ikipata maji ya kutosha. Inapenda maji baridi yasiyo na chumvi nyingi, na haivumilii kukaukiwa kwa muda mrefu.

Ya pili ni ndago ya mwavuli, Cyperus involucratus. Majani yake hutawanyika juu ya shina kama mbavu za mwavuli. Kwa kawaida haizidi mita moja na nusu. Ni mmea wa asili wa Afrika Mashariki, ingawa wengi huuona kwenye bustani za hoteli mijini na kudhani umeletwa kutoka ng'ambo. Ndio rahisi kuliko yote kwa anayeanza.

Ya tatu ni ndago fupi ya maji ya magadi, Cyperus laevigatus. Hii hutambaa na kufunika tope kama zulia, na urefu wake kwa kawaida hauzidi goti. Sifa yake kubwa ni kwamba inastahimili maji yenye chumvi na magadi, ambayo ni ya kawaida katika visima na chemchemi nyingi za nchi kavu. Mmea huu umeenea katika sehemu nyingi za dunia zenye joto. Katika kisiwa cha Niihau, Hawaii, wafumaji wa zamani waliutumia kutengeneza mikeka iliyosifika kwa ulaini wake.

Jambo moja liwe wazi. Mimea hii haimo katika hatari ya kutoweka duniani kote, kwa maana bado iko mingi katika maziwa na mito mingine ya Afrika. Kinachotoweka ni makao yake katika eneo letu, chemchemi moja baada ya nyingine. Chemchemi ikishapoteza majani yake, mbegu na mizizi ya mahali hapo hupotea nayo.

Na kupotea kunawezekana hata pale ambapo mmea ulikuwa alama ya nchi. Wamisri wa kale walitengeneza karatasi kwa mafunjo kwa maelfu ya miaka, lakini kando ya mto Nile nchini Misri mmea huo ulifikia hatua ya kukaribia kuisha kabisa. Katika miaka ya 1960, Hassan Ragab aliyetaka kufufua utengenezaji wa karatasi hiyo alilazimika kuleta mizizi kutoka Sudan na kuipanda upya.

KWA NINI VINAMASI VINAPUNGUA

Majina ya maeneo yetu yenyewe yanaonyesha jinsi maji yalivyo muhimu. Katika Kimaa, "ngare" ni maji, na neno hilo limebaki katika Ngare Mara na Ngare Ndare. Mto Ewaso Ng'iro Kaskazini unapokea maji kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, unapita Laikipia, unagawanya Isiolo na Samburu, kisha unaelekea kinamasi cha Lorian. Kwa wafugaji wa sehemu za chini, kinamasi hicho kimekuwa malisho ya akiba wakati wa kiangazi kwa vizazi vingi. Karibu na Leparua kuna kinamasi cha Lewa, na upande wa mbuga za Buffalo Springs na Shaba kuna chemchemi zilizozungukwa na majani ya jamii hii.

Sababu za kupungua kwa vinamasi zinajulikana, na zinafuatana.

Kwanza, maji huchotwa kwa wingi sehemu za juu kabla hayajafika chini. Katika miezi ya kiangazi sehemu za chini za mto hubaki mchanga mtupu. Pili, ukame umekuwa mkali. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023, misimu 5 mfululizo ya mvua haikutosha kaskazini mwa Kenya. Tatu, maji yakipungua, mifugo na wanyamapori hukusanyika pale penye unyevu peke yake. Kwato hukanyaga tope, machipukizi huliwa yakiwa machanga, na mizizi hubaki wazi juani. Ziwa Naivasha lilipitia hali kama hiyo. Maji yalipopungua, nyati na ng'ombe waliingia katika mafunjo yaliyobaki nchi kavu, na ukanda mpana wa mafunjo uliokuwa ukizunguka ziwa ukapungua sana. Nne, watu hulima hadi kwenye jicho la chemchemi au kuchimba mitaro ya kukausha tope.

Hasara yake huonekana pande mbili, wakati wa kiangazi na wakati wa mafuriko. Kinamasi chenye majani mazito hupunguza kasi ya maji, hushika udongo, na huachilia maji polepole. Kikiwa tupu, maji hupita kwa kishindo siku moja na kuisha. Wakazi wanakumbuka kwamba mwaka 2009 ulikuwa wa ukame mkali, na Machi 2010 Ewaso Ng'iro ukafurika ghafla na kubomoa kambi za watalii kandokando yake. Majani peke yake hayawezi kuzuia mafuriko makubwa kama hayo. Lakini kila chemchemi na kila korongo dogo lililofunikwa hupunguza sehemu ya mzigo.

HESABU YA MAJI KWANZA

Kabla ya kuchimba chochote, familia ipige hesabu. Mfano ufuatao ni wa kukadiria, na kila boma linaweza kubadilisha tarakimu kulingana na hali yake.

Tuseme boma la watu 6 linamwaga lita 80 za maji yaliyotumika kwa siku, yaani mitungi 4. Bustani ya kinamasi yenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1 ina eneo la mita 2 za mraba. Siku ya jua kali na upepo, mimea iliyostawi ikipoteza milimita 10 za maji, hiyo ni lita 20 kwa eneo hilo. Maana yake, mtungi mmoja unanywewa na mimea na jua, na mitungi 3 inayobaki inatoka upande wa pili ikiwa imepunguzwa uchafu, tayari kwenda kwenye shimo la mpapai, mgomba au mwarobaini.

Hesabu hii inatoa kanuni mbili. Kanuni ya kwanza: boma lisiloweza kuhakikisha mtungi mmoja wa maji yaliyotumika kila siku lisichimbe bustani ya ukubwa huo, bali lianze na beseni moja. Kanuni ya pili: maji safi ya kunywa yasitumike kutunza mimea hii, isipokuwa kiasi kidogo katika wiki za mwanzo. Mmea unaoshindana na watoto kwa maji ya kunywa hautadumu.

JINSI MIMEA INAVYOPUNGUZA UCHAFU

Maji ya kuoga na kufulia yana sabuni, mafuta, jasho, udongo na mabaki ya chakula. Yakimwagwa mahali pamoja kila siku huleta harufu, nzi na tope jeusi.

Yakipitishwa polepole katika changarawe yenye mizizi, mambo matatu hutokea. Uchafu mzito hutuama kati ya mawe. Vijidudu vinavyoishi juu ya mawe na mizizi huula uchafu ulioyeyuka. Mimea nayo huchukua rutuba na kuigeuza kuwa majani. Jamii ya ndago na mafunjo ina uwezo wa pekee hapa kwa sababu ndani ya mashina yake kuna njia za hewa zinazopeleka hewa hadi mizizini. Ndiyo maana inaishi katika tope ambalo lingeozesha mizizi ya mahindi.

Njia hii si ngeni nchini. Tangu katikati ya miaka ya 1990, maji machafu ya mkahawa wa Carnivore na bustani ya michezo ya maji ya Splash jijini Nairobi yalipitishwa katika kinamasi kilichotengenezwa na watu, na baadhi ya mashamba ya maua ya Naivasha yametumia njia hiyohiyo. Bustani ya nyumbani ni ile ile, ila ndogo.

Lakini maji yanayotoka si ya kunywa, si ya kupikia, wala si ya kunyweshea watoto wa mifugo. Yanafaa miti na maua. Yasinyunyiziwe mboga zinazoliwa mbichi. Na maji ya choo yasiingizwe humo kamwe.

HATUA ZA KUTENGENEZA

1. Chagua mahali. Pawe chini ya mteremko kutoka bafuni au mahali pa kufulia, angalau mita 3 kutoka ukuta wa nyumba na angalau mita 30 kutoka kisima au chemchemi yoyote. Pasiwe kwenye njia ya maji ya mvua, maana korongo likishuka litajaza mchanga siku moja.

2. Weka chujio la kwanza. Ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, ikiwekwa majani makavu au kokoto, hunasa mafuta, nywele na mabaki ya chakula. Majani hayo yabadilishwe kila wiki na kutupwa kwenye shimo la mbolea. Bustani nyingi za aina hii huharibika kwa sababu chujio hili limesahaulika na changarawe ikaziba.

3. Chimba shimo. Urefu mita 2, upana mita 1, kina sentimita 60. Sakafu iinamie kidogo upande wa kutokea maji.

4. Zuia maji yasizame. Tandika karatasi nzito ya plastiki kama ile ya mabwawa ya shambani, au shindilia udongo wa mfinyanzi wenye unyevu hadi upate tabaka la sentimita 10 au zaidi. Kabla ya kutandika plastiki ondoa mawe makali na miiba, na weka mchanga laini chini yake.

5. Jaza mawe. Mwanzoni na mwishoni mwa shimo weka mawe ya ukubwa wa ngumi. Katikati weka kokoto au changarawe iliyooshwa. Juu malizia na tabaka la mchanga mnene.

6. Weka bomba la kutokea. Liwe sentimita 10 chini ya uso wa mchanga. Bomba hili ndilo linaloamua maji yasimame wapi. Likiwekwa hivyo, maji hubaki chini ya mchanga na hayaonekani juu. Mbu hawezi kutaga pasipo na maji ya wazi.

7. Panda. Kwa nafasi ya nusu mita kati ya mche na mche, shimo hili linachukua miche 8. Zika mizizi hadi iguse unyevu, lakini chipukizi libaki juu.

Kwa vipimo hivi, maji yatakuwa na kina cha karibu nusu mita ndani ya changarawe. Nafasi zilizo kati ya mawe ni kama theluthi moja, kwa hiyo shimo linashika takriban lita 330 za maji. Likipokea lita 80 kwa siku, kila tone hukaa ndani kama siku 4 kabla ya kutoka. Muda huo ndio unaofanya kazi. Shimo dogo mno hupitisha maji yakiwa bado machafu.

Wakati mzuri wa kupanda ni mwanzo wa mvua, za masika kati ya Machi na Aprili, au za vuli kati ya Oktoba na Novemba, ili miche ishike kabla ya jua kali. Katika wiki 3 za kwanza changanya maji yaliyotumika na maji safi nusu kwa nusu, na uweke kivuli cha matawi.

KUPATA NA KUZALISHA MICHE

Hapa ndipo nia njema inaweza kuleta madhara. Mtu akienda kwenye chemchemi iliyobaki na majani machache akang'oa mizizi ili akapande kwake, atakuwa amehamisha mmea na kuua chemchemi. Miche itafutwe kwanza kwenye vitalu au kwa jirani aliyekwisha kuotesha. Pale ambapo hakuna njia nyingine, ruhusa iombwe kwa wasimamizi wa mahali, iwe ni kamati ya maji, jumuiya ya watumiaji maji au hifadhi ya jamii, na kichukuliwe kipande kimoja kutoka kwenye kichaka kikubwa, si kichaka chote. Ndani ya mbuga na hifadhi za wanyamapori hakuna kung'oa bila kibali.

Ndago ya mwavuli huzalishwa kwa njia inayowafurahisha sana watoto wa shule. Kata kichwa chenye majani pamoja na sentimita chache za shina. Punguza majani hadi nusu ya urefu wake. Kiweke juu chini, majani yakiwa ndani ya maji na shina likitazama juu. Baada ya wiki 2 hadi 3 mizizi na vichipukizi hutokea katikati ya majani. Maji ya chombo hicho yabadilishwe kila baada ya siku 2 au 3 ili mbu wasizaliane.

Mafunjo na ndago fupi huzalishwa kwa kugawanya shina nene linalolala ndani ya tope. Kila kipande kiwe na chipukizi hai angalau moja na mizizi yake. Kifungwe kwa gunia lenye maji wakati wa kusafirishwa na kipandwe siku hiyohiyo. Mzizi wa mafunjo uliokauka hauamki tena.

Boma lenye maji ya magadi lianze na ndago fupi. Lenye maji baridi na lisilo na uzoefu lianze na ndago ya mwavuli. Mafunjo marefu yaachiwe shule, zahanati, vituo vya maji na maboma yenye maji ya uhakika mwaka mzima.

MATUNZO NA MAVUNO

Mashina yaliyokomaa na kuanza kuwa kahawia yakatwe karibu na mchanga, na machanga yaachwe. Usikate bustani nzima kwa siku moja. Kata nusu, subiri ichipuke, kisha kata nusu nyingine. Kukata ni sehemu ya usafi, kwa sababu rutuba iliyonyonywa na mmea huondoka pamoja na mashina. Yakiachwa yaoze humo, hurudi majini.

Mashina makavu hufumwa mikeka na vikapu, huezekea vibanda vya kivuli, na hutandazwa kwenye mashimo ya miti kuzuia unyevu usipotee. Yale yaliyokua kwenye maji ya sabuni yaoshwe na kuanikwa juani kabla ya kufumwa.

Maji ya jiki na dawa kali za kusafishia yasimwagwe humo, kwa kuwa huua vijidudu vinavyofanya kazi. Siku ya kufua kwa jiki, maji hayo yamwagwe mahali pengine mbali na mimea na kisima.

Kiangazi kikizidi na maji yakipungua chini ya mtungi mmoja kwa siku, kata majani yote, funika mchanga kwa nyasi kavu, na uelekeze maji kidogo yaliyopo upande mmoja tu wa shimo. Ni afadhali kuokoa miche 2 kuliko kupoteza 8. Inafaa pia kila kikundi kiwe na ndoo ya akiba yenye tope na mizizi hai, ikiwekwa kivulini karibu na jikoni au shuleni. Mvua ikirudi, ndoo hiyo ndiyo itakayoanzisha bustani upya.

TAHADHARI

Mbu: maji yakionekana juu ya mchanga, bomba limeziba au limewekwa juu mno. Lirekebishwe siku hiyohiyo.

Mbuzi na ngamia: chipukizi la kijani wakati wa kiangazi halitalala salama bila ua wa miiba. Ua uwekwe siku ya kupanda, si baada ya hasara.

Tembo: Leparua inapakana na maeneo ya hifadhi, na tembo hufuata maji na majani mabichi. Bustani iwe ndogo, bila bwawa la wazi, na isiwe karibu na njia ambazo tembo wamezizoea. Mahali ambapo tembo hufika maboma mara kwa mara, inafaa kushauriana na maafisa wa wanyamapori kabla ya kuanza.

Watoto: shimo linalochimbwa lisiachwe wazi usiku kabla ya kujazwa mawe.

Mimea ya kigeni: historia ya kaunti kame inatosha kuwa fundisho. Mathenge ililetwa na kuenezwa nchini katika miaka ya 1970 na 1980 kwa nia ya kuokoa ardhi kame, na leo inawashinda wafugaji. Gugumaji la Ziwa Victoria lina asili ya Amerika Kusini, na lilisambaa duniani kwa sababu ya maua yake mazuri. Mmea wa majini usiojulikana jina wala asili yake usipandwe, hata ukiwa mzuri kiasi gani. Na ndago ndogo ya shambani yenye vijifundo kama shanga, Cyperus rotundus, isichanganywe na hizi. Hiyo ni gugu sugu.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Je, mafunjo huleta maji pale yasipokuwepo?
Hapana. Hakuna mmea unaoumba maji. Mafunjo huota kwa sababu maji yapo. Kazi yake ni kushika udongo, kupunguza kasi ya maji na kukinga tope lisikaushwe na jua na upepo.

Je, basi hayanywi maji ya chemchemi?
Hunywa, kama mmea wowote. Lakini kung'oa majani ili kuokoa maji huacha tope likikanyagwa na kumomonyoka, na jicho la chemchemi huzibwa na udongo. Kinachofaa kuwekwa mbali na chemchemi ni miti yenye kiu kubwa kama mikaratusi.

Je, mifugo inaweza kula?
Machipukizi huliwa, hasa ya aina fupi. Mafunjo yaliyokomaa ni magumu na hayana lishe ya kutosha kutegemewa. Yaliyokua kwenye maji ya sabuni yasilishwe mifugo.

Je, miche ya nyumbani inaweza kurudishwa kwenye chemchemi?
Inaweza, ikiwa ni ya aina ileile iliyokuwa hapo na jamii imekubaliana. Lakini hatua ya kwanza ni kuweka ua kuzunguka jicho la chemchemi na kutoa maji kwa bomba hadi kwenye birika lililo nje ya ua, ili mifugo inywe bila kuingia. Mara nyingi majani hurudi yenyewe kutoka kwenye mizizi iliyobaki. Miche ya nyumbani hujaza mapengo tu.

SHERIA INASEMAJE

Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Jedwali la Nne linazipa kaunti wajibu wa kutekeleza sera za kitaifa za kuhifadhi udongo na maji. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 ndiyo msingi wa Kanuni za 2009 zinazohusu ardhi oevu, kingo za mito na fuo. Sheria ya Maji ya 2016 inasimamia uchotaji wa maji na inatambua jumuiya za watumiaji maji.

Kwa mkazi wa kawaida, mambo mawili ni muhimu. Bustani ya maji yaliyotumika ndani ya boma lake ni kazi yake mwenyewe. Lakini kuchimba, kukausha au kuziba chemchemi, na kulima ndani ya ukanda wa ukingo wa mto, ambao upana wake ni kati ya mita 6 na mita 30 kulingana na mto, si jambo la kuamuliwa na mtu mmoja. Ulizia kwanza.

PA KUANZIA

Mkazi au kikundi kinachotaka kuanza kinaweza kufika kwa msimamizi wa wadi, maafisa wa ugani, au idara za kaunti zinazohusika na maji na mazingira. Masuala ya chemchemi na kingo za mito yapelekwe kwa jumuiya ya watumiaji maji ya eneo na ofisi ya NEMA. Shule, zahanati na kamati za visima zina nafasi nzuri kuliko boma moja moja, kwa kuwa maji ya kunawia mikono na yanayomwagika kwenye mifereji huwa mengi na ya kila siku.

Kila mwaka tarehe 2 Februari huadhimishwa Siku ya Ardhi Oevu Duniani, kukumbuka mkataba uliotiwa saini Ramsar, Iran, mwaka 1971. Tarehe hiyo huangukia kiangazi chetu, kabla ya masika. Kikundi kitakachochimba shimo na kuosha changarawe mwezi huo kitakuwa tayari kupanda mvua ya kwanza ya Machi ikianguka.